Kuishi kwa gitaa la jazz kwa kupiga kila kitu: mwongozo wa mtu aliyeshapunguziwa ampu jukwaani

Kuna swali naulizwa sana, we si ni mpiga jazz, mbona jana tulikuona na bendi ya reggae, juzi ulikuwa unapigia kwaya na wiki iliyopita ukapiga bossa, ule muziki wa Brazil, kwenye hafla ya watu wenye suti? Jibu fupi ni kwamba jazz peke yake inalipa wachache sana, jibu refu ndiyo huu mwongozo.

Namwandikia mtu ambaye tayari anapiga. Anajua kodi zake (za gitaa jamani, yaani nota kadhaa zinazolia pamoja, ile ya mwenye nyumba tutaifikia kwenye hatua ya pesa), ana skeli mbili tatu vidoleni, ameshamsikiliza mpiga gitaa wa jazz Wes Montgomery mpaka majirani wamechoka, na sasa anataka gitaa limlishe. Kama ndiyo unaanza leo kushika kodi ya C, hifadhi hii, rudi baada ya mwaka.

Kabla ya hatua zenyewe nianze na aibu yangu. Miaka ya mwanzo niliitwa kumshikia mtu nafasi kwenye bendi moja ya reggae, mpiga gitaa wao alikuwa anaumwa, nikaenda na kiburi chote cha mtu wa jazz. Wimbo wa kwanza una kodi mbili tu, A minor na G, mwanzo mpaka mwisho. Mi nikaona hapana, huu ni umaskini, nikaanza kuongeza nota za ziada za jazz juu ya kodi, 9 pale, 11 hapa, nikapitisha na kodi ya katikati ambayo hakuna mtu aliiomba, mpiga besi akanigeukia, mpiga kinanda naye akanigeukia, nikadhani wananisifia. Wimbo wa tatu kiongozi wa bendi akaja taratibu huku anaimba, akainama, akapunguza ampu yangu (kile kikuza sauti cha gitaa) kwa mkono wake mwenyewe, akarudi kwenye maiki. Hakusema neno. Hela nililipwa lakini simu yao sijawahi kuiona tena.

Karibu kila kitu ninachoandika hapa chini kimetokana na usiku ule.

HATUA YA 1: Tengeneza mkono unaochapa kabla ya ule unaokimbia

Sisi watu wa jazz tunapenda solo. Tunakaa miaka tunakimbiza mistari ya bebop, ile jazz ya kasi, halafu ukienda kazini unakuta kwenye shoo ya masaa matatu solo zako zote ukizijumlisha hazifiki dakika kumi, muda mwingine wote we ni mtu wa rizimu. Kwa hiyo anzia huko.

Mfano mzuri kuliko wote ni mpiga gitaa Freddie Green. Aliingia kwenye bendi ya jazz ya Count Basie mwaka 1937 akakaa mpaka alipofariki mwaka 1987, miaka hamsini, na solo zake ni za kutafuta kwa tochi. Kazi yake ilikuwa mapigo manne kila baa (baa ni kipimo cha wimbo, siyo ya pombe), gitaa la tumbo wazi bila makeke ya ampu, kodi ndogondogo ambazo mara nyingi unachosikia vizuri ni uzi mmoja au miwili tu, vingine kavifinya kidogo visilie. Ukimsikiliza mara ya kwanza unaweza ukasema huyu jamaa hayupo. Ukimsikiliza mara ya kumi unagundua bendi nzima imemwegemea.

Zoezi lenyewe ni hili. Weka metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye 60 kwa dakika, halafu usihesabu kila mlio kama pigo la kwanza, hesabu kama pigo la 2 na la 4, maana yake wimbo unatembea kwa 120. Chapa kodi moja tu dakika tano. Utaona dakika ya pili mkono unaanza kuukimbia mlio au unauchelewa, usikasirike, ndiyo ugonjwa wenyewe umeonekana. Ukizoea shusha metronomu iwe 30, mlio mmoja kwa baa nzima, na uuweke kwenye pigo la 4. Hapo ndipo watu wanalia. Jirekodi kwa simu, sikiliza kesho yake ukiwa umetulia, maana siku ileile masikio yanakudanganya.

Fanya hivyo kila siku hata kama unajiona umeshaiva. Mi bado nafanya.

HATUA YA 2: Jifunze kodi za nyuzi mbili

Hii ni hatua ninayoipenda kuliko zote kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Chukua mbili-tano-moja ya C, ule mfuatano wa kodi tatu unaorudi kila mara kwenye jazz, yaani Dm7, G7, Cmaj7. Kitabuni utakuta maumbo ya vidole vinne, nyuzi tano, mkono unauma. Weka pembeni. Shika uzi wa D freti ya 3 (freti ni zile nafasi zilizogawanywa na vyuma shingoni mwa gitaa) na uzi wa G freti ya 5. Basi. Hizo ni F na C, nota ya tatu na ya saba ya Dm7. Sasa kidole cha uzi wa G kirudishe nyuma freti moja, kiwe kwenye 4, kile cha uzi wa D usikiguse kabisa. Tayari uko G7, una F na B. Sasa kile cha uzi wa D ndo kirudi freti moja, kiwe kwenye 2, na cha uzi wa G kibaki palepale. Uko Cmaj7, una E na B.

Hebu fanya tena polepole usikie. Umepita kodi tatu kwa kusogeza freti mbili tu, moja kwa kila kidole. Na angalia kitu kingine, ile F iliyokuwa ya tatu kwenye Dm7 imekuwa ya saba kwenye G7 bila kusogea hata kidogo, kwenye gitaa hujafanya kitu ila kwenye sikio imebadilika kazi. Root, yaani nota ya msingi ya kodi, huna, D na G na C zote ni za mpiga besi, ndiyo kazi yake, muachie.

Sasa kwa nini hii ni hatua ya kazi na siyo ya darasani? Kwa sababu nyuzi mbili hizo zinaingia kila mahali. Nyuma ya mwimbaji wa taratibu zinajaza bila kumziba. Mpiga kinanda akiwa na mikono mizito, wewe ukishika nyuzi mbili hamgongani. Ukizichapa kavukavu kwa kugawa kila pigo mara nne, umeshaingia kwenye funk. Ukizipiga kwa vidole na gumba likashika besi, hiyo ni njia ya kwenda bossa. Mtu aliyejifunza maumbo makubwa peke yake akiingia kwenye bendi ya watu saba anakuwa kama mtu aliyeingia kwenye lifti na godoro.

Zipige kwenye kii zote 12 (kii ni nota ambayo wimbo umejengwa juu yake). Siku moja kii moja, wiki mbili umemaliza na siku mbili za kupumzika unazo.

HATUA YA 3: Ingia aina moja ya muziki kwa wakati mmoja, na uingie na viatu umevua

Kosa kubwa la sisi wenye majivuno ya kodi ni kudhani muziki wenye kodi mbili ni rahisi. Sio rahisi, ugumu wake umekaa sehemu nyingine. Kila aina ya muziki chagua rekodi kama kumi za watu wenyewe, sio za watu wanaoiga, halafu kwa miezi mitatu usikilize hizo tu, na unaposikiliza andika mambo ambayo gitaa HALIFANYI. Orodha hiyo ndiyo dhahabu.

Reggae kwa mfano. Gitaa halipigi nyuzi nene, linakaa nyuzi tatu nne za juu. Haliachi kodi ilie, unachapa na papohapo mkono wa kushoto unalegea sauti inakatika. Haliongezi 9. Mapigo yake ni la 2 na la 4, na kama kinanda kimeshika mwendo wa katikati basi we kaa kavu kabisa usijaze. Na ukitaka ushahidi kwamba mtu wa jazz anaweza kuheshimika huko, mtafute Ernest Ranglin wa Jamaika, alizaliwa 1932, ni mpiga jazz kabisa, amepiga klabu ya Ronnie Scott's pale London, na ni yeye yuleyule aliyepanga muziki na kupiga gitaa kwenye ule wimbo wa ska (muziki wa Jamaika uliotangulia reggae) wa mwimbaji Millie Small uliofika namba 2 Uingereza mwaka 1964. Hakuwapelekea bebop, aliwapa walichohitaji.

Bossa nova wengi wanaipiga vibaya, na nasema hivyo kwa upendo. Wanachukua kodi za jazz wanaziweka mwendo wa kubembea basi. Sikiliza mkono wa kulia wa João Gilberto, mpiga gitaa na mwimbaji wa Brazil: kidole gumba kinashika kazi ya surdo, ile ngoma kubwa ya samba, kinatembea sawasawa kama saa, na vidole vitatu vingine vinafanya kazi ya tamborim, kangoma kadogo, vinaingia kabla au baada ya pigo. Yaani samba nzima imehamia mkono mmoja. Tenganisha hivyo viwili, gumba peke yake dakika kumi mpaka ukiongea halipotei, ndiyo uongeze vidole. Charlie Byrd alikuwa mpiga jazz Mmarekani, alizunguka Brazil mwaka 1961, akarudi kwao na muziki ule kichwani, mwaka 1962 akarekodi na mpiga saksafoni Stan Getz na Marekani nzima ikaanza kucheza bossa. Alienda kwenye chanzo kwanza.

Funk, siri ni mkono wa kulia hausimami. Unapanda na kushuka muda wote hata pale ambapo husikiki, na mkono wa kushoto ndo unaamua kipi kilie kipi kife. Mpiga gitaa Nile Rodgers alisoma jazz kabla ya kuanzisha bendi ya Chic, na ukichunguza kodi zake unaiona jazz imejaa, ila kazikata vipande vya nyuzi tatu, akaweka mbele ngoma ya mkono. Mkono huohuo ulipiga na David Bowie mwaka 1983 na ukapiga na Daft Punk mwaka 2013, miaka 30 kati yao, haukubadilishwa.

Rumba ya Kongo. Hapa nawaonya kabisa watu wa jazz, msidanganywe na majina. OK Jazz ya akina Franco ilianza mwaka 1956 na jina la jazz mlangoni lakini ukiingia na mistari yako ya kromatiki, ile ya kupita nusu toni moja moja, watakushangaa. Pale kuna kazi tatu za gitaa, rizimu, mi-solo na solo, na kila moja ina uzio wake. Rizimu ndiye anayeshika nyumba. Mi-solo anazunguka katikati kwa nota mbilimbili zilizoachana kwa nafasi ya tatu au ya sita, anajaza pale wenzake wanapoacha. Solo anangoja sebene. Na kwenye sebene kitu cha kufanya ni kurudia, unashika kipande cha baa mbili unakirudia mpaka watu wanyanyuke, unabadilisha nota moja, unarudia tena. Kwetu kwenye jazz kurudia ni dalili umeishiwa mawazo, kule ukibadilisha haraka umemkatisha mtu anayecheza. Sauti nayo ni safi, ya kung'aa, pikapu (sumaku inayonasa sauti ya nyuzi) ya karibu na daraja, ile sauti yetu ya jazz iliyofifia ya kuzima toni iache nyumbani.

Blues, gospel, country, pop, nisiende yote. Country niseme tu kwamba Bill Frisell, mpiga gitaa wa jazz na mwanafunzi wa gwiji wa jazz Jim Hall kabisa, alienda kurekodi Nashville na wapiga wa kule na albamu ikatoka mwaka 1997, na anachofanya sana humo ni kuacha nafasi. Gospel ndiyo ndugu wa karibu wa jazz, kodi zako nyingi zitakubaliwa, tatizo ni kii zinabadilika bila taarifa, kiongozi wa sifa ananyoosha kidole juu na nyote mmepanda nusu toni.

HATUA YA 4: Kusoma

Najua mtaniambia Wes Montgomery hakusoma nota. Kweli kabisa. Lakini Wes alikuwa anapiga solo za mpiga gitaa Charlie Christian kwa sikio, moja baada ya nyingine, na ni hizo zilizomfikisha kwenye bendi ya Lionel Hampton mwaka 1948. Kama sikio lako liko hivyo ruka hatua hii.

Wengine tusome. Dakika kumi kwa siku, kila siku ukurasa mpya, usirudie, maana ukirudia unakariri, husomi tena. Jua kwamba nota za gitaa zinaandikwa oktavu moja juu ya zinavyosikika, hii inawachanganya sana watu wanaopewa karatasi ya mpiga saksafoni au ya mwimbaji. Kwenye chati ya kodi kabla hujapiga nota hata moja angalia safari: wapi unarudia, alama ya kurudi iko wapi, koda (kipande cha kumalizia) iko wapi. Watu hawapotei kwenye nota, wanapotea kwenye kona.

Kazi za maigizo ya jukwaani yenye muziki, studio za matangazo, muziki wa filamu, zote hizi mlango wake ni kusoma. Na ndiko zinakolala hela zinazokuja kwa wakati.

HATUA YA 5: Vifaa, kwa kifupi maana hapa ndipo watu wanapofilisika

Gitaa moja linatosha kuanzia. Lile kubwa la tumbo wazi ni zuri sana kwenye chumba kidogo, ila lipandishe jukwaani karibu na dramu na spika kubwa, litapiga mluzi mpaka ujute. Ndo maana wengi wanaishia kwenye magitaa ya nusu tumbo kama ES-335, ambalo Gibson walilitoa mwaka 1958, lina gogo katikati linalozuia mluzi, na mpiga gitaa Larry Carlton alizunguka nalo studio nyingi mpaka wakambandika jina la Mr. 335. Na usidharau Telecaster, gitaa la ubao lisilo na tumbo, Ed Bickert wa Kanada alipiga jazz tamu kupita maelezo kwa Telecaster, kwa hiyo acha kusema hela ya gitaa la jazz huna.

Nyuzi mi naweka za unene wa 11. Mtu wa jazz atasema nyembamba, mtu wa rock atasema nene, basi nipo katikati na wote wananilaumu kidogokidogo. Pedali nne: tyuna, ya volyumu, ya kukwaruza, ya mwangwi. Ukishajua kuzitumia hizo vizuri ndo ufikirie ya tano.

Begi lako liwe na seti nzima ya nyuzi, kebo mbili za ziada, betri, kiendelezo cha umeme, penseli na taa ndogo ya kubana. Penseli, sio peni. Chati zinabadilika dakika za mwisho.

HATUA YA 6: Kuwa mtu wa kupigiwa simu

Sasa unaweza kupiga. Nani anajua? Kazi hizi hazitangazwi. Zinakuja kwa mpiga besi kumwambia mpiga dramu, kuna jamaa mmoja namjua. Hivyo rafiki wa kwanza wa kutafuta siyo promota, ni mpiga gitaa mwenzako mwenye kazi nyingi kuliko anavyoweza. Huyo akiumwa, akisafiri, akipata kazi mbili usiku mmoja, anahitaji mtu wa kumshikia, na atamchagua mtu atakayemrudishia nafasi yake ikiwa salama. Usimchukulie kazi. Hata wakikuambia we ni mzuri kuliko yule, waambie asante, mpigieni yeye kwanza. Nimeona watu wamepata bendi moja kwa njia hiyo wakapoteza mji mzima.

Ukiitwa, maswali ya kuuliza siku hiyohiyo: nyimbo zipi na kii zipi, toleo lipi (la studio au la jukwaani, mwisho wake huwa tofauti), nani mwingine yupo, kuna kinanda au sina wa kunisaidia kodi, ampu ipo au nabeba, saa ngapi tunapima sauti, tunavaa nini. Ukiuliza hivyo mtu anajua anaongea na fundi. Alafu tengeneza karatasi moja kwa kila wimbo, kwa mkono wako, kodi na mpangilio tu. Mi nikiandika kwa mkono wimbo unaingia, nikipakua wa mtu mwingine nabaki namsomea.

Kuhusu kii, ukipigia waimbaji zoea kuambiwa "leo tuishushe" dakika moja kabla ya kuanza. Ndiyo maana nilikwambia nyuzi mbili kwenye kii 12.

Na volyumu. Sijawahi kusikia mpiga gitaa kaachwa kwa sababu alikuwa chini sana.

Studio ni mnyama wa aina yake. Utaitwa, utapiga vizuri, halafu rekodi ikitoka haupo, wamemweka mwingine. Usilie. Bendi ya Steely Dan kwenye wimbo wao wa Peg wa mwaka 1977 walijaribu wapiga gitaa kadhaa, wote ni wakali wa studio, solo moja moja zikawekwa pembeni mpaka alipokuja Jay Graydon. Wale wengine hawakuwa wabovu, walikuwa hawafanani na kile kilichokuwa kichwani mwa wenye wimbo. Ukiwa studio toa matoleo mawili matatu tofauti kabisa, moja la nota chache sana, na usibishane na prodyuza mbele ya watu.

HATUA YA 7: Pesa, na sasa ile kodi nyingine

Kabla hujaenda popote viandikwe vitu vitano, hata kwa ujumbe wa simu unatosha kuliko mdomo: kiasi gani, kinalipwa lini, saa ngapi mpaka saa ngapi, usafiri wa nani, na kama shoo inarekodiwa video itatumikaje. Nusu mbele kwa mtu usiyemjua. Mimi kuna promota mmoja alinizungusha miezi minne kwa sababu nilimwamini kwa kuwa alikuwa anaongea vizuri, na siku nilipoenda kudai akaniuliza mkataba uko wapi, nikabaki naangalia viatu vyangu.

Usitegemee chanzo kimoja. Shoo zina msimu, kuna miezi imejaa na kuna miezi kimya kabisa. Kufundisha ndiko kunakoziba ile miezi, wanafunzi sita au saba wa kila wiki ni sakafu ya kusimamia, ila uweke siku maalum, usitawanye wiki nzima la sivyo hutafanya mazoezi tena. Kupangia watu muziki, yaani kuandika sehemu za tarumbeta, za sauti, chati za bendi, jazz imekupa hiyo bure na wapiga gitaa wengi hawaijui, ichukue.

Halafu kuna haki. Studio wakikulipa mara moja ukamaliza, uliza kama hiyo ni ada ya kupiga tu au wanataka na ulichotunga. Ukileta riff, kipande kifupi kinachojirudia, ambayo wimbo mzima umesimama juu yake, hayo ni mazungumzo ya utunzi na yafanyike kabla ya kutoka mlangoni, wimbo ukishakuwa mkubwa kila mtu anasahau ulikuwepo. Nyimbo zako ziandikishe kwenye shirika la hakimiliki la nchi yako. Uliza pia kama wapigaji wanapata kitu muziki ukirushwa, kila nchi ina sheria zake, Marekani kwa mfano mirabaha ya redio za mtandaoni asilimia 5 inatengwa kwa wapigaji na waitikiaji ambao siyo wasanii wakuu wa rekodi. Kidogo, ndiyo, lakini ni yako, na haiji kama jina lako halikuandikwa siku ya kurekodi. Kwa hiyo siku hiyo hakikisha limeandikwa na limeandikwa sawasawa.

HATUA YA 8: Kuwa na kitu chako

Hatari ya kupiga kila kitu ni kwamba siku moja mtu anauliza yule jamaa anapiga nini hasa, na hakuna anayejua. Nimeipitia hiyo, miaka mitatu nina kazi kila wiki na sina hata rekodi moja ya jina langu.

Angalia waliofanikiwa, kila mmoja ana alama ambayo haifutiki hata aende wapi. Wes ni kupiga kwa gumba na kwa oktavu (nota ileile juu na chini kwa pamoja), alipiga jazz kali ya hard bop na baadaye akapiga nyimbo za pop zenye fidla nyingi nyuma, na sekunde mbili tu unajua ni yeye. George Benson alitokea kwenye bendi ya ogani ya Jack McDuff, mwaka 1976 akatoa Breezin' akaimba, albamu ikafika namba 1 Marekani, watu wa jazz wakanuna, ila gitaa lilikuwa lilelile. Lionel Loueke wa Benin kabeba midundo ya kwao, anabofya ulimi huku anapiga, wakati mwingine anachomeka karatasi kwenye nyuzi zilie kama ala nyingine, na kwa sababu hiyo mpiga piano Herbie Hancock anamchukua, sio kwa kuwa anaweza kumwiga mpiga gitaa mwingine.

Kwa hiyo kwa wiki tenga nusu siku ambayo hakuna mteja. Watu wawili watatu, muziki wenu, chumba kidogo. Rekodi hata nyimbo nne kwa mwaka, zisipendwe na mtu ni sawa, zitakusaidia kusikia we ni nani ukiwa huna wa kumfurahisha. Mimi ndani ya chumba hicho ndo niligundua nyuzi zangu mbili ndiyo sauti yangu, nilikuwa nazitumia kama dawa ya kujificha nyuma ya kinanda kumbe watu walikuwa wananikumbuka kwa hizo.

Jambo la mwisho ni dogo na nalifanya kila nikitoka kazini, hata iwe saa tisa usiku. Kabla sijalala nafungua daftari naandika mistari mitatu, wimbo gani nilipotea na kwenye baa gani, nani alikuwa kwenye besi na dramu, na kiongozi alisema nini. Siku ile ya reggae ningekuwa na daftari ningeandika hivi: kodi mbili, nyuzi tatu za juu, mkono wa kushoto ukate, ampu ilikuwa juu mno, chini ya hapo ingetosha.